Maziwa ya Marehemu Hezekia

Watu wa huku wakitaka kumsifu Modesta husema ni msichana wa kompyuta. Mimi namwita msichana wa haraka. Nimemjua tangu mama yake anamleta mgongoni hapa kituoni pamoja na kidumu cha maziwa, na hata huko mgongoni hakutulia. Baba yake, mzee Valentino, alikuwa na ng'ombe wawili na bustani ya kabichi, akauza ng'ombe mmoja ili binti asome. Binti akasoma hiyo Java, lugha ya kuandikia programu, na mengineyo, akakaa Dar akiandikia kampuni za watu programu, kisha akarudi milimani. Watu wakasema amefukuzwa kazi. Wapi! Alirudi kwa sababu baba alipooza upande mmoja na, mama akiwa hayupo tena, hakukuwa na mtu wa kumgeuza kitandani. Akishamgeuza na kumlisha uji, anafungua kompyuta yake jikoni, masweta mawili mwilini, miguu karibu na mafiga, anaandika.

Mimi ni Salimu, mpokea maziwa wa kituo chetu huku upande wa Kwai, Lushoto. Kazi yangu ni kupima maziwa na kugombana. Anayeleta maziwa namchovyea kipimo mbele ya macho yake, na kama ametia maji namwambia hapo hapo, awe shekhe awe mchungaji. Wananiita mkali. Na niwe mkali! Kidumu cha mtu mmoja kikiharibu tangi, wanaolala njaa ni wote.

Chama cha wafugaji kilimwomba Modesta atutengenezee programu, naye akaitengeneza mbio mbio kama kawaida yake. Kila ng'ombe ana namba sikioni. Nikishapokea maziwa naingiza ile namba kwenye simu ya kituo, na papo hapo mwenye ng'ombe anapata ujumbe: "Habari za asubuhi, fulani. Maziwa ya ng'ombe wako yamepokelewa leo. Asante kwa kuamka mapema." Wazee waliupenda sana ule ujumbe. Kuna mmoja alikuwa akiujibu: na wewe asante mwanangu, umeamkaje? Programu haikugoma hata mara moja, na Modesta akawa anatembea shingo juu. Tulimwachia, maana alistahili.

Kisha Hezekia akafa.

Hezekia Shekiondo alikuwa mfugaji na mkulima, Mlutheri wa kuimba kwaya, mtu wa utani mwingi. Alifuatana na lori la kabichi kwenda Dar, lori likapinduka huko chini tambarare. Mdogo wake, Edgar, ndiye aliyekwenda kuuchukua mwili. Alirudi na sanduku lililokwisha pigiliwa misumari, akasema lisifunguliwe, basi. Hatukuuliza. Ajali za malori tunazijua. Tukazika. Rahabu, mke wa marehemu, alisimama kando ya kaburi macho makavu, analitazama lile sanduku kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. Wanawake walimsugua mgongo, lia mama, lia utue. Hakulia. Wala matanga hayakumliza.

Baadaye, bila kupeleka tena maziwa kituoni, alimuuza ng'ombe wa mumewe kwa jirani, Bibi Zuhura, mjane mzee anayekaa peke yake ng'ambo ya ua wa miti. Simu ya Hezekia ilikuwa imerudi na Edgar kwenye mfuko wa nailoni, kioo kimepasuka lakini nzima. Rahabu aliiweka kwenye chaji juu ya kabati, na hakuizima.

Asubuhi Bibi Zuhura alipoleta kituoni maziwa ya ng'ombe yule kwa mara ya kwanza, ile simu juu ya kabati ililia. Rahabu akaisoma. "Habari za asubuhi, Hezekia. Maziwa ya ng'ombe wako yamepokelewa leo. Asante kwa kuamka mapema."

Sasa wewe msomaji uliyekaa penye taa unacheka, unasema ni kompyuta hiyo. Kaa kwanza kwenye nyumba yenye ukungu hadi sebuleni, peke yako, na mume uliyemzika bila kumwona uso, halafu simu yake ipokee shukrani ya kuamka mapema. Kesho yake ikalia tena. Siku Bibi Zuhura alipougua asije kituoni, haikulia. Alipopona ikalia. Rahabu hakuhitaji mtu wa kumjumlishia. Hezekia hakufa. Hezekia amechukuliwa msukule, kule kaburini tumezika mgomba, na anayemkamulisha ng'ombe alfajiri ni Zuhura.

Neno hilo likishatoka mdomoni halirudi. Likafika kisimani, likafika sokoni. Watu wakaanza kukumbuka mambo. Ah, ndiyo maana yule bibi maziwa yake yamekuwa mengi. Ah, ndiyo maana halali mapema. Ah, sanduku lilipigiliwa misumari! Hili la sanduku ndilo lililomaliza ubishi kila mahali, maana nani angejibu? Edgar, mtu pekee wa kulijibu, alikuwa hakai tena na watu. Anatoka shambani anaingia ndani, ukimsalimu anaitikia chini chini.

Mimi mwenyewe nilipita kwenye ule ua asubuhi moja nikielekea kazini, ukungu umejaa mpaka sioni viatu vyangu. Nikamkuta Rahabu amesimama, shuka kichwani, sikio kwenye majani. Mbele yake chini ameweka sahani imefunikwa.

"Shikamoo kaka Salimu," akasema bila kugeuka.

"Marahaba. Unafanya nini hapa, Rahabu?"

"Sikiliza. Anakamua."

Nikasikiliza. Ng'ambo ya ua maziwa yalikuwa yanagonga ndoo, chwaa, chwaa, kwa nguvu. Na pembeni nikasikia Bibi Zuhura anakohoa.

"Yule bibi ana mikono ya kukamua hivyo?" Rahabu akaninong'oneza. "Ule ni mkono wa Hezekia. Naujua." Kisha akaisogeza ile sahani karibu na miti. "Wanasema wanalishwa pumba. Nimemletea ugali na mboga. Asubuhi huwa nakuta sahani tupu."

Mbwa, nikajiambia. Ni mbwa wanakula. Lakini niseme ukweli wangu, nilitembea mpaka kituoni bila kutazama nyuma.

Siku hiyo hiyo Bibi Zuhura alikuja na kidumu chake, na watu waliokuwa kwenye foleni wakasogea mbali naye. Mwanamke aliyezalisha nusu ya wanakijiji kwa mikono ile! Akatoa salamu, hakuitikiwa. Vijana wawili waliokaa kwenye ukuta wakasema kwa sauti, makusudi asikie, kwamba mganga anakuja kesho, na mganga akishamtaja, mafuta ya taa yapo. Bibi akanitazama. Akakitua kidumu chini.

"Salimu mwanangu," akasema, "mimi nimekosa nini?"

Hakujua! Jamani, kijiji kizima kilikuwa kinapanga kumchoma na hakuna aliyemwambia kosa lake. Nikapandwa na hasira, nikawatukana wale vijana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikafunga kituo, nikashika njia ya kwa Valentino. Nilipita kwanza kwa Rahabu nikamwomba simu. Alikataa. Nikamwambia basi tuongozane nayo. Akaja nayo ameifumbata kifuani.

Modesta alikuwa jikoni. Alituamkia, akatukaribisha vigoda, akasikiliza. Mwanzoni alitabasamu. "Mjomba, haiwezekani. Marehemu wanawekwa kando. Nimewaandikia aina yao. Na programu haijawahi kutoa kosa hata siku moja."

"Mwonyeshe," nikamwambia Rahabu.

Rahabu akamwonyesha. Modesta alisoma ujumbe wa kwanza, akasoma wa pili, akaendelea kuteremka nao kwa kidole, na jumbe haziishi. Tabasamu likaondoka. Maneno yale ameyatunga yeye, asante kwa kuamka mapema, na mtu aliyeyapokea yuko chini ya udongo.

"Dada Rahabu," akasema, "nenda upumzike. Niachie mimi."

Rahabu akaondoka na simu yake. Mimi nilibaki, nikaongeza kuni. Modesta akaanza kuipekua programu yake mstari kwa mstari. Baba yake aliita kutoka chumbani, nikaenda kumgeuza mimi. Niliporudi nilimkuta ameshika kichwa kwa mikono miwili, machozi yanadondoka kwenye vibonyezo.

"Mjomba, ni mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwamsha."

Akanieleza, na nitaeleza nilivyoelewa, wataalamu wanisamehe. Katika programu yake kila mwanachama ana aina. Kuna mwanachama hai na kuna mwanachama marehemu, na wote ni wanachama. Akiuza ng'ombe, mwenye ng'ombe anatia sahihi na jina lake linatoka kwenye ng'ombe yule. Hezekia hakutia sahihi, angetiaje? Kwa hiyo jina lake lilibaki pale pamoja na la Bibi Zuhura, likisubiri mirathi, lakini likiwa limegeuzwa kuwa marehemu. Mpaka hapo hakuna ubaya.

Ubaya ulikuwa kwenye amri moja. Modesta hakutaka kuandika amri moja ya kuleta watu, nyingine ya kuleta ng'ombe, nyingine ya kuleta vituo. Akaandika moja ya jumla inayohudumia aina zote. Unaiambia, niletee wenye ng'ombe huyu walio hai. Yenyewe inachukua wote waliomo, inaweka lebo "walio hai" juu ya kapu, inakukabidhi. Haifunui kapu. Wao wanaita "unchecked cast", yaani unalazimisha kitu kiwe cha aina fulani kwa kusema tu, pasipo kukikagua.

"Na hiyo Java yako imekaa kimya?" nikauliza. "Si unasema ni kali?"

"Ni kali wakati naandika. Baada ya hapo, programu ikianza kufanya kazi, zile lebo za kwenye kapu inazifuta, haikumbuki tena. Ningemwomba Hezekia kitu ambacho aliye hai tu anacho, ingepiga kelele na kusimama. Lakini mimi nilimwomba jina na namba ya simu." Akapangusa pua kwa mkono wa sweta. "Na marehemu anavyo vyote viwili."

Nikasogeza kuni motoni.

"Lakini ilinionya, mjomba. Nilipoandika tu, ilitoa mstari wa njano, inasema hapa sina hakika. Baba alikuwa ananiita. Nikaandika juu yake agizo la kuzima onyo, nikaenda zangu."

Nilitaka kumgombeza. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikakumbuka mzee aliyelala chumbani, nikaufunga.

Alilitoa lile agizo la kuzima onyo. Akaifumua amri yake na kuisuka upya. Safari hii anayeiomba lazima aikabidhi ile aina yenyewe, siyo kuitaja tu, na amri inapita kwa mmoja mmoja kapuni: wewe ni wa aina hii? Ndiyo, pita. Siyo, baki. Ikamaliza na kapu jipya lenye waliokaguliwa tu. Akamjaribu ng'ombe yule. Jina likatoka moja, Zuhura. Mstari wa njano haukuonekana tena. Nikapumua nikidhani kazi imekwisha.

"Bado, mjomba," akasema. "Ujumbe usipokuja kesho watasema bibi ameshtuka amemficha. Lazima waone."

Alisema kweli. Asubuhi iliyofuata, mganga akisubiriwa, watu walijaa uwanjani kwa Rahabu. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, wale vijana wawili pia, na Bibi Zuhura ameletwa, amekalishwa kwenye kinu kilichopinduliwa kama mshtakiwa. Edgar alisimama nyuma kabisa, penye migomba. Modesta akaweka kompyuta yake juu ya meza, na ile simu ya marehemu kando yake, kila mtu aione.

"Shikamooni wazee. Bibi Zuhura yuko hapa, hajakamua leo, ng'ombe yuko zizini," akasema. "Hii ni programu ya zamani, kama ilivyokuwa jana. Tazameni simu."

Akabonyeza. Simu ya Hezekia ikalia.

Watu waliruka! Mwanamke mmoja akapiga kelele akimwita Yesu. Kijana mmoja wa mafuta ya taa alijikwaa kwenye kuku. Modesta akabonyeza tena, ikalia tena. Na tena. Mzee mmoja karibu yangu akasema kwa Kishambaa kwamba basi mchawi ni huyu mdogo, na watu wakacheka kile kicheko cha woga. Kisha Modesta akaweka programu mpya, akabonyeza namba ile ile ya ng'ombe. Ikalia simu ya Bibi Zuhura tu, ndani ya kanga yake. Ya Hezekia ikanyamaza. Akarudia mpaka watu wakachoka kuitazama.

"Kosa ni langu," akasema. "Bibi hana hatia yoyote. Mimi nilipokea majina kwa lebo iliyoandikwa juu. Sikufungua kuona ndani kuna nani. Naombeni mnisamehe, na Bibi anisamehe."

Mwenyekiti akakohoa, akaanza kusema basi wananchi, mmesikia. Watu walishaanza kulegea, wengine wanajifanya tangu mwanzo hawakuamini. Rahabu akasimama.

"Modesta," akasema, "nimekusikia. Ujumbe ni wa mashine. Nimekubali." Hakuwa amepandisha sauti hata kidogo. "Umesema ulipokea lebo hukufungua. Na sisi je? Tuliletewa sanduku limeandikwa jina la mume wangu. Nani alilifungua?"

Modesta akaifunika kompyuta. Nikamwona kijana wa mafuta ya taa anainua kichwa, anamtazama tena Bibi Zuhura, na nikajua tumerudi pale pale. Kompyuta imesafishwa, lakini sanduku bado limepigiliwa misumari, na mganga yuko njiani. Bibi Zuhura alijikunja juu ya kile kinu akawa mdogo kama mtoto.

"Nani?" Rahabu akauliza tena. "Nitajieni mtu mmoja tu aliyemwona."

"Mimi," akasema Edgar.

Alikuja mbele polepole, watu wakimpisha. Alikuwa amekonda, sijui kwa nini sikuwa nimeona alivyokonda.

"Shemeji, mimi nilimwona. Nilifunuliwa, nikamwona. Na mimi ndiye niliyeomba misumari, kwa sababu sikutaka wewe ubaki na picha niliyobaki nayo mimi. Nilijua nikisema nimemwona, utaniuliza alikuwaje."

"Sikuulizi alikuwaje," Rahabu akasema. "Nyote mnasema maneno. Taja kitu. Kitu ambacho anakijua mke wake."

Edgar akainamisha kichwa.

"Uso haukuwa wa kumtambulia," akasema. "Nilimwambia yule wa hospitali sina hakika. Akamvua buti. Ndani alikuwa na soksi ya sufu, ya kufuma kwa mkono, ya kijani. Kisigino kimemaliziwa uzi mwekundu."

Rahabu aliweka mkono mdomoni.

"Uzi wa kijani uliniishia," akasema kupitia vidole. "Nilimwambia asubiri nikanunue Lushoto. Akasema si nitavaa buti, nani ataona." Akamtazama Edgar. "Zilikuwa mbili?"

"Moja, shemeji. Nyingine sikuiona."

Hapo ndipo Rahabu alipolia. Si kulia, ni kile kilio cha kutangaza msiba, kinachopanda mlima wa pili na kurudi. Alianguka kwenye vumbi akimwita Hezekia kwa jina lake la nyumbani, na hakuna aliyemwinua, maana tulijua analia cha siku ya mazishi. Modesta alikaa chini pale pale kando ya meza akalia naye. Wanaume wakavua kofia. Mwenyekiti akamtuma mtu ampigie mganga amwambie arudi alikotoka.

Kwetu huku kilio kikisikika, wanawake hawaulizi. Wanakwenda kutafuta kuni, maana nyumba ya msiba haikosi moto. Walitawanyika bila kutazamana machoni. Wa kwanza kurudi na mzigo kichwani alikuwa Bibi Zuhura. Akautua mlangoni kwa Rahabu, akaingia ndani kuwasha.